Kuizunguka Dunia kwa Simu

Wazee wetu walisema, "Tembea uone." Usemi huu ni wa kweli, lakini kutembea kwataka nauli. Wengi katika sisi tuliokulia huku Mtabila twaijua njia ya kwenda Kasulu mjini, na wachache wamefika Kigoma wakaliona ziwa. Kwa hiyo mtu akitwambia ya kuwa siku hizi yawezekana kuizunguka dunia nzima huku umeketi barazani, hatuna budi kumwuliza: kwa chombo gani?

Chombo chenyewe ni simu. Wakati wa likizo iliyopita baba mdogo aliniazima simu yake kila jioni, baada ya kazi za shamba, kwa sharti kwamba nisiimalize chaji. Ndani yake mna mchezo wa maswali ya safari. Mchezaji huonyeshwa picha ya mahali, labda daraja, au mnara, au soko, na chini yake majibu manne. Hupewa sekunde chache tu za kuchagua. Akipata, hugongewa muhuri katika pasi yake ya kuchezea, kisha hupelekwa mji mwingine. Akikosa, hurudishwa nyuma.

Faida niliiona upesi. Nalijifunza ya kuwa mji mkuu wa Australia ni Canberra, wala si Sydney kama wengi wadhanivyo. Ya kuwa mji wa Istanbul umekaa katika mabara mawili, Asia na Ulaya. Na ya kuwa Kinshasa na Brazzaville, miji mikuu ya nchi mbili, yatazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto Kongo. Mambo haya yamo katika vitabu vyetu vya Jiografia pia, lakini mchezo huyatia kichwani upesi, maana mtu hushindana.

Hata hivyo si kila lisemwalo na simu ni la kushika. Siku moja mchezo uliuliza mji mkuu wa Burundi, na jibu lililohesabiwa kuwa sahihi lilikuwa Bujumbura. Sisi tulio karibu na mpaka twajua ya kuwa tangu mwaka 2019 mji mkuu ni Gitega, na Bujumbura umebaki kuwa mji wa biashara. Mchezo ulikuwa haujapata habari.

Swali hilo ndilo lililoleta mazungumzo nyumbani. Mama mkubwa alicheka, akasema ya kuwa Burundi yeye aliisoma sokoni. Zamani hapa Mtabila palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, nayo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Leo ni mahali pa vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Katika miaka ya kambi mama mkubwa alifanya biashara ya maharage na wakimbizi hao. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, basi hawakuhitaji mkalimani. Kwao alijifunza majina ya Makamba, Rutana na Ruyigi, na mwendo wa miguu kutoka kila mahali.

Kisha akasema, "Mwanangu, katika simu hiyo mtu hugongewa muhuri akafurahi. Wale walivuka mpaka usiku bila karatasi, na watoto mgongoni."

Neno hili lilinikaa. Wako waliokimbia mwaka 1972, na wengine mwaka 1993. Kuanzia mwaka 2007 baadhi ya wale wa 1972 walichukuliwa kwenda kukaa Marekani, mbali kabisa na vilima vyao. Watu hao wameiona dunia kuliko mimi na simu yangu ya kuazima, lakini hawakupewa majibu manne wachague. Tangu siku ile, kila picha inijiapo najiuliza: ni nani akaaye hapo, na watu huja na kuondoka kwa sababu gani?

Tena nalijiuliza mbona mchezo hauulizi habari zetu. Basi mimi na wadogo zangu tulikata karatasi za daftari tukatunga maswali yetu wenyewe. Ni ziwa gani lenye maji baridi lililo refu kupita yote duniani, likigusa nchi nne? Tanganyika. Ni mji gani ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871? Ujiji. Ni msitu gani ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960? Gombe. Ni meli gani iliyoundwa Ujerumani, ikaunganishwa upya Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na kubadilishwa jina mwaka 1927? Liemba. Mama mkubwa naye alitoa maswali matano, na hakuna hata mmoja wetu aliyeyajua yote.

Ndugu wanafunzi, wenye nafasi ya kucheza mchezo huo wakati wa likizo na wacheze, ila wasahihishe majibu yake kwa ramani na kwa walimu. Nami natoa shauri moja. Kila mwanafunzi arudipo shuleni muhula ujao alete maswali matatu ya kwao, aliyoyapata kwa wazee, pamoja na majibu yake. Wako wenzetu watokao Kibondo, Buhigwe, Uvinza na mwambao wa ziwa. Tukiyakusanya maswali hayo, tutakuwa na mchezo usiohitaji chaji wala vocha, na mengi ya majibu yake hayajaandikwa popote bado.