Hakuna Aliyemuuliza Bibi

Sisi tuliokulia kambi za mkonge za Kimamba na Rudewa tulijuana kwa jasho, si kwa karatasi. Baba zetu waliitwa manamba. Wapo waliotoka Songea na Kigoma, wapo waliotoka Msumbiji na Burundi, na kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 iliyotiwa alama kila ulipomaliza kazi ya siku. Uliulizwa kipande, hukuulizwa nchi. Wengi hawakurudi walikotoka; walishaoa huku, walishazika huku.

Wajukuu wao ndio wanaosumbuka. Laini za simu ziliposajiliwa kwa alama za vidole, 2019 kuingia 2020, ilitakiwa namba ya kitambulisho cha Taifa, na wapo waliobaini pale pale kwenye foleni kwamba hawana cha kuonyesha kuwa ni raia.

Nimekuwa msaidizi wa kisheria miaka mingi, na jambo moja kwa vijana wetu wa kazi hii linaniuma. Bidii wanayo kutushinda, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewapa nafasi ambayo sisi hatukuipata. Lakini mteja akitamka tu kwamba babu yake alitoka Msumbiji, wanampa fomu za tajnisi, yaani za mgeni kuomba uraia. Anayeomba tajnisi amekwisha kukiri kuwa ni mgeni. Akishatia saini, kuja kudai alikuwa raia tangu azaliwe ni mlima.

Fundi pikipiki mmoja wa Mikumi alinijia na fomu hizo, amezijaza nusu. Nikamwambia, mwanangu, weka kalamu kwanza. Baba yako kazaliwa wapi? Kimamba, 1956. Na bibi, mama yake baba? Akafikiri. "Bibi alikuwa Msagara, kazaliwa Zombo."

Babu yake, Mmawia wa Msumbiji, alikuwa ametajwa kila fundi alikokwenda. Habari za bibi hakuna aliyeziuliza. Na bibi ndiye mwenye jibu. Mtu aliyezaliwa Tanganyika wakati wa Mwingereza, na mzazi wake mmoja naye akiwa mzaliwa wa Tanganyika, alikuwa raia tangu tarehe 9 Desemba 1961 bila kuomba kwa mtu. Baba ni raia, basi na mwana ni raia. Iliyobaki ni kazi ya ushahidi.

Si wote wenye bibi wa Zombo. Yuko ambaye njia yake kweli ni tajnisi, yuko wa kibali cha ukaazi, yuko aliyekimbia vita na hajawahi kuulizwa alikimbia nini. Muulizeni. Na mwenye hati yoyote asiiachie: mwaka 2018, katika kesi ya Anudo Ochieng Anudo, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilisema kwamba kwa mtu aliyekwisha kutambuliwa kwa hati, Serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba si raia.

Yule fundi alirudi na shangazi zake wawili, tayari kuapa. Mkubwa akafungua kopo la maziwa, akatoa kitambaa cha kanga, ndani yake kipande cha babu. Nikazihesabu alama kwa kidole. Zilikuwa 22, nane hazikuwahi kujazwa.