Mchekeshaji Akizeeka, Kicheko Nacho Huzeeka?

Wahenga wetu walikuwa watu wa hekima, lakini mara nyingine walituachia methali mbili zinazotazamana kwa jicho kali kama wake wenza. Moja husema jungu kuu halikosi ukoko. Nyingine husema ngoma ikivuma sana hupasuka. Sasa hebu mchukue mchekeshaji mkongwe, umweke katikati ya methali hizo. Je, yeye ni jungu lenye ukoko mtamu chini, au ni ngoma iliyokwisha kupasuka, ambayo hata ukiipiga kwa magongo mawili hutoa sauti ya debe tu?

Swali hili lilizuka chamani mwetu siku tuliyokuwa tukipanga burudani ya mwisho wa muhula. Wanachama walio wengi walisema kuchekesha ni kazi ya vijana, na kwamba mtu akishatimiza miaka hamsini ashuke jukwaani kwa hiari yake kabla hajashushwa. Mwenzetu mmoja mwenye ulimi mwepesi akaongeza, "Mzee akisimama kuchekesha, watu hucheka kwa adabu, si kwa utamu." Darasa zima lilimpigia makofi. Mimi sikupiga. Kauli ile ilinichoma kwa sababu ambayo nitaieleza baadaye, na ndiyo iliyonifanya niishike kalamu hii.

Kwanza tuanze na lugha yenyewe, maanake Kiswahili ni kitajiri bwana! Kuna kuchekesha na kuna kuchekwa. Maneno haya mawili yametoka katika mzizi mmoja, lakini kati yake pana bonde refu. Anayechekesha ameshika usukani, anajua kicheko kitatokea kona gani. Anayechekwa ni abiria, tena abiria asiyejua gari linakwenda wapi. Halafu kuna cheko la tatu, cheko la huruma, lile ambalo watu humtolea mzee ili asione haya. Naam, hili la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa mchekeshaji wa kweli hulitambua mara moja, kama vile mpishi anavyomtambua mgeni anayesifu chakula huku sahani ikiwa imejaa.

Basi, ni kitu gani hasa huzeeka? Jambo la kwanza ni mwili. Pumzi hupungua, kumbukumbu huanza kuvuja, na miguu haimruhusu mtu kurukaruka jukwaani. Hilo halina ubishi. Lakini tazama ya George Burns, mchekeshaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka wa 1896 na kufariki mwaka wa 1996, akiwa ametimiza miaka 100. Mzee huyu alikuwa na sigara yake kubwa mkononi, na sigara ile haikuwa pambo. Alikuwa akisema neno lake, kisha anaivuta sigara polepole huku watu wakicheka, na kicheko kikianza kushuka ndipo anapoendelea. Yaani alikuwa na saa yake mwenyewe mkononi! Kijana angeogopa ukimya wa namna ile. Burns aliufanya kuwa mtaji, na umri wake wenyewe akaugeuza kuwa kichekesho. Mwaka wa 1976, akiwa na miaka 80, alipewa tuzo ya Oscar kwa kuigiza katika filamu ya The Sunshine Boys, na hiyo filamu inahusu nini? Inahusu wachekeshaji wawili wazee! Kwa hivyo mwili huzeeka, lakini mwenye akili huzeeka nao kwa mpango.

Jambo la pili linalozeeka ni kichekesho chenyewe, na hapa ndipo wengi huanguka. Turudi nyumbani Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu waliosomea Chuo Kikuu cha Kenyatta, yaani Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walianzisha kikundi cha Redykyulass. Wakathubutu kumwiga Rais Moi mbele ya umma na kwenye televisheni, sauti yake, rungu lake na mwendo wake. Wazazi wetu husimulia kwamba walicheka huku wakiangalia mlangoni, kana kwamba askari angebisha hodi. Nusu ya utamu wa kicheko kile ilikuwa ni woga. Mwezi wa Desemba 2002 Moi akastaafu, na mwaka wa 2020 akaaga dunia. Leo ukimwonyesha mwanafunzi wa umri wangu kanda zile, atatabasamu tu, kisha akuulize, "Sasa hapo kinachochekesha ni nini?" Si kwamba wale walikosa ufundi, la hasha! Ni kwamba sisi hatukuwahi kuwa na ule woga. Kicheko kilikuwa chumvi, na chakula chake kimeshaliwa. John Kiarie mwenyewe aliingia katika siasa, na mwaka wa 2017 akachaguliwa kuwa Mbunge wa Dagoretti Kusini.

Ina maana kwamba mchekeshaji anayetaka kudumu hana budi kulima shamba jipya kila msimu. George Carlin, Mmarekani mwingine aliyezaliwa mwaka wa 1937, alifanya hivyo. Yeye alirekodi maonyesho 14 marefu katika kituo cha HBO, kuanzia 1977 hadi 2008, na alikuwa na desturi ya kuyaacha ya zamani na kuandika mapya. Onyesho lake la mwisho lilikuwa Machi 2008, na mnamo Juni mwaka uo huo akafariki akiwa na miaka 71. Katika onyesho hilo alizungumzia uzee na kifo bila kupepesa jicho. Alieleza hata shida ya kuyafuta majina ya marafiki waliokufa katika kitabu chake cha anwani. Si vijana wote waliocheka, pengine, lakini kijana gani angeweza kukitunga kichekesho kile? Hata marafiki wa kufa hana bado!

Mtu ataniambia, "Hao ni Wazungu, na kazi yao ni ya mtu mmoja na kipaza sauti. Sisi je?" Haya, tumtazame Mzee Ojwang'. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyevaa lafudhi ya Kijaluo hata watu wengi wakaamini ndiyo ya kuzaliwa nayo. Katika Vitimbi aliigiza mzee tangu yeye mwenyewe hajawa mzee, akibishana na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, na taifa zima likicheka mbele ya runinga. Uzee ulipomfikia kwelikweli, haukumkuta mgeni. Ulimkuta keshauzoea kama koti la zamani. Lakini hapa pana jambo la kuhuzunisha. Mwaka wa 2014, uoni wake ulipokuwa umefifia, mchekeshaji Churchill alimleta mbele ya Wakenya, nao wakachanga fedha za kumtibu macho. Julai 2015 Ojwang' akafariki akiwa na miaka 78. Vichekesho vyake havikuwa vimemwacha. Ni sisi, watazamaji, tuliokuwa tumekwenda zetu, tukakumbuka kurudi wakati wa mchango.

Na kule Tanzania alikuwako King Majuto, yaani Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018 akiwa na miaka 70 hivi. Huyu alipendwa na watoto wadogo mpaka mwisho. Siri yake naiona hivi: hakujaribu kuwa kijana. Alikuwa mzee mkali, mbishi, mwenye tamaa ndogondogo, na kila mtoto wa Afrika Mashariki ana mzee wa aina hiyo mtaani kwao.

Nami ninaye wangu, ndiyo sababu niliyokuahidi. Babu yangu, anayeishi karibu na Kitale, ndiye aliyekuwa mfanyaji mzaha wa kijiji kizima. Harusi bila yeye ilikuwa kama chai bila sukari. Hakulipwa; alipewa paja la kuku na soda mbili. Mwaka juzi, katika harusi ya shangazi yangu, alipewa kipaza sauti kwa dakika tano "kwa heshima tu". Akaanza na kisa chake maarufu cha karani aliyekwenda kumpigia bosi wake simu katika kibanda cha posta. Karani aliposikia sauti ya bosi alivua kofia, akainama kwa adabu, kichwa kikagonga kile kisanduku puu! Sarafu zote zikamwagika nje. Naye akapaza sauti, "Asante sana bosi, umenirudishia na nauli!"

Wazee walicheka hadi wakashika mbavu. Vijana walinyamaza tuli. Wangechekaje, jamani, ilhali hawajawahi kukiona kibanda cha simu? Walikuwa wameinamia simu zao. Babu akatulia. Akatutazama mstari kwa mstari, kisha akasema polepole, "Naona vijana wote mmeinama. Kumbe bosi angali kwenye laini!"

Lo! Hema lilipasuka. Hata mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika. Kisa cha kale kilikuwa kimefufuka mbele ya macho yetu, kwa sababu mzee aliacha kutazama zamani zake akatutazama sisi. Nilijifunza hapo kwamba kinachomfanya mtu achekeshe ni jicho, si kichekesho, na jicho hilo si hili la daktari.

Lakini nisikufiche, hadithi haikuishia hapo. Baada ya keki kukatwa, Babu alisimama tena, akaanza kisa kile kile cha karani, tangu mwanzo, kama kwamba hajakisema kamwe. Watu wakacheka. Ila kicheko hiki kilikuwa na rangi nyingine. Kulikuwa na wanaonong'onezana na wanaogusana viwiko. Hapo alikuwa hachekeshi tena, alikuwa akichekwa. Mama aliona, akaanzisha wimbo upesi, akina mama wenzake wakaupokea, na kipaza sauti kikachukuliwa kwa utaratibu. Babu aliketi. Tangu siku ile, akiombwa kusema neno kwenye shughuli, husema sauti imemkauka. Sauti haijamkauka. Nyumbani hutuchekesha mpaka usiku wa manane.

Desemba hii mjomba wangu anaoa, na ukoo umekwisha kuamua kumkodi emsii kutoka mjini. Sina neno na emsii, kila mtu na riziki yake. Lakini ninapinga kwamba kwa kuwa kumbukumbu ya mzee inavuja, basi kisima chote kimekauka. Tunapomwona mwimbaji mzee amesahau beti, tunamsaidia kuimba. Mchezaji mpira akizeeka tunamfanya kocha. Kwa nini mchekeshaji akizeeka tumpe mambo mawili tu, ama cheko la huruma ama kiti cha nyuma?

Jibu langu kwa wanachama wenzangu ni hili. Mchekeshaji mkongwe hubaki mcheshi kwa masharti matatu. La kwanza, aukubali umri wake wala asijipake ujana. La pili, awatazame walio mbele yake leo, si wale waliomcheka jana. La tatu, nalo ni letu sisi hadhira, tumcheke kwa haki: akichekesha tucheke, asipochekesha tunyamaze, maana ukimya wa kweli humfundisha kazi, bali kicheko cha uongo humwacha gizani. Na akianza kupotea njia, awepo mtu wa karibu wa kumshika mkono kabla umati haujamgeuza kichekesho.

Likizo iliyopita nilimwendea Babu na mpango wangu. Nilimwambia nitaketi mbele kabisa, na akikigusa kisa alichokwisha kukisimulia nitavua kofia yangu kama yule karani. Yeye ataelewa, na hakuna mwingine atakayejua. Burns alikuwa na sigara yake. Babu atakuwa na mimi. Alinyamaza kwa muda, akakuna kidevu chake.

"Sawa, bwana mdogo," akasema. "Lakini sikiliza. Nikikuona unacheka na hujachekeshwa, nitakufuta jina kwenye shamba."

Sasa naendelea kuwashawishi wajomba wampe dakika kumi. Wawili wamekubali, mmoja bado anakuna kichwa. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekuwa akiwachekesha na siku hizi amenyamaza, usikimbilie kusema kwamba ucheshi umemwisha. Muulize kwanza ni nani aliyemnyang'anya kipaza sauti.