Kuota Jua

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, watoto wa mizigo yetu hapa Katwe walikuta kinyonga kwenye maua ya mwenye nyumba. (Wewe unayesoma ukiwa kambini: "muzigo" kwa Kiganda ni chumba kimoja cha kupanga, vimepangana kama mabehewa. Sisi wa Kiswahili tunacheka tukilisikia hilo neno, halafu siku ya kodi tunaelewa.)

Yule kinyonga alikuwa mweusi. Sio kijani kama kwenye vitabu, mweusi kabisa, kama mkaa. Mtoto wa jirani alikuwa ameshavuta manati. Mwenye nyumba alitoka na ndoo mkononi, akapiga kelele, "Nnawolovu!", akarudi ndani haraka, juu kwake huyo mnyama ni mkosi. Mimi nilikuwa nafunga viatu. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni, kimya kama siku zote.

"Mumuache," akasema. "Iko naota jua."

Watoto wakageuka. Mimi pia niligeuka, juu Mama alikuwa hajaongea na mtu wa nje karibu wiki tatu.

Mama ametoka Jomba, Rutshuru, kule juu ambako volkano zinasimama nyuma ya nyumba na asubuhi unatoka nje ukipuliza mikono. Alivuka Bunagana mwezi wa sita mwaka 2022, mji ulipochukuliwa na M23, akiwa amembeba binti yangu mgongoni. Alilala Nyakabande, pale Kisoro, halafu wakampeleka Nakivale. Akapewa kiwanja, akapanda maharagwe, akajengewa nyumba ya udongo. Mimi nilikuwa Kampala tangu zamani. Nikaenda kumchukua. Niliona aibu mama yangu kukaa kambini nami niko mjini. Nilijiona mtoto mzuri sana siku ile, kwenye basi.

Nyumbani nilikuwa mwalimu wa biolojia. Hapa nafundisha watoto wa watu jioni, na mchana namsaidia mke wangu na vitenge vyake. Basi wale watoto na manati yao waliponiuliza kwa nini kinyonga ni mweusi, ule ualimu ulirudi wenyewe.

Niliwaambia hivi. Wewe ukila uji, sehemu kubwa ya uji huo inachomwa ndani ya mwili ili ubaki na joto lako, usiku na mchana. Mjusi na kinyonga hawana huo moto wa ndani. Ndiyo maana chakula chao hakifiki sehemu moja ya kumi ya kile anachokula panya wa uzito ule ule. Lakini joto lazima walitafute nje. Asubuhi kinyonga anafanya ngozi yake nyeusi ili ivute jua, anajibana ubavu uwe mpana kama jani, na anauelekeza huo ubavu kwenye jua. Akishapata joto la kutosha anarudi rangi ya kawaida. Watu wanasema anajificha. Mara nyingi hajifichi, anapika.

"Na usiku?" mmoja akauliza.

Usiku ndio kazi. Kule Mlima Kenya, na kwenye milima ya Aberdare, juu ya mita 3,000, mchana jua linaunguza na usiku maji yanaweza kuganda, siku hiyo hiyo moja. Mwaka 1982 watafiti Hebrard, Reilly na Guppy waliandika juu ya majirani wawili wa Aberdare, kinyonga anayeitwa wa von Höhnel na mjusi mmoja laini wa kwenye nyasi. Mjusi wa namna hiyo ukifika usiku anaingia chini ya jiwe au katikati ya shina la nyasi nene, ambako baridi haifiki vizuri. Kinyonga hana mguu wa kukimbilia shimoni. Analala kwenye kichaka, anapoa pamoja na hewa, na asubuhi anasubiri. Yaani hapo asubuhi hawezi hata kukukimbia.

Hata hivyo ana silaha moja. Watafiti Anderson na Deban walipima vinyonga maabara mwaka 2010 wakaona kwamba kwenye baridi ya digrii 15 ulimi bado unaruka karibu kwa nguvu ile ile, ingawa kuurudisha mdomoni kunakuwa taabu na polepole. Sababu iko mikononi mwako, nikamwambia mwenye manati. Msuli unavuta mpira pole pole, mpira ndio unaorusha. Mpira haujali baridi kama msuli. Yule mtoto akaitazama manati yake kwa heshima mpya. Sikusema kitu kuhusu kumpiga kinyonga, lakini manati ilirudi mfukoni.

Mama akaongeza la kwake, ambalo mimi nililisoma chuoni na yeye aliliona tu shambani: wale wa kwetu juu, wengine hawatagi. Ni kweli. Kinyonga wa Elliot, ambaye yuko Uganda na kwetu pia, anazaa watoto wakiwa hai. Yai likiachwa kwenye udongo baridi linachelewa mno, au linakufa. Mama akilibeba tumboni, anatembea nalo mpaka kwenye jua. Ila sio wote: yule mkubwa wa pembe tatu, kinyonga wa Johnston, anaishi milima hiyo hiyo na bado anataga ardhini. Nayasema haya kwa sababu watu wanapenda kusema maumbile yana njia moja.

Bon. Watoto walikwenda shule, na nikabaki namtazama Mama.

Nyumba yetu ni ya mabati bila dari. Asubuhi ni jokofu. Saa tano mabati yanaanza kulia, ka, ka, ka, na kutoka saa sita mpaka saa kumi ndani hamna mtu anayeweza kukaa. Nje kuna ukuta, mtaro, na uchochoro ambao boda zinapita. Kivuli kiko kimoja tu, cha mwembe wa jirani, upande wa pili wa geti ambalo linafungwa. Mama alikuwa anakaa ndani. Mimi nilifikiri ni huzuni. Nilimwombea, nilimletea soda. Mara mbili alianguka. Muuguzi mmoja akapima presha, akasema mama huyu anapikwa, mtoeni kwenye joto, anywe maji.

Mjusi angefanya nini? Sikulisema hivyo kwa mke wangu, angenicheka. Lakini niliwaza juu ya majaribio yaliyofanyika Marekani, kwenye jangwa la New Mexico. Mtafiti Michael Sears na wenzake walitoa taarifa mwaka 2016. Walichukua mijusi wa milimani, wenye magamba ya miiba, wakawaweka ndani ya nyua kubwa za wazi na kuwatandikia vitambaa vya kivuli juu. Kivuli kilikuwa kiasi kile kile kila mahali. Tofauti ni mpangilio tu: ua mmoja kivuli chote kimewekwa pamoja katikati, mwingine kimegawanywa mara nne, mwingine mara kumi na sita. Joto la wastani ni lile lile. Lakini mijusi wa vivuli kumi na sita walishika joto la mwili wao vizuri zaidi, na walitembea kidogo zaidi kulipata. Wale wa kivuli kimoja walihangaika.

Ndugu mnaofanya kazi na mashirika, mnaohesabu mahema na mita za turubai kwa kila familia, hapo ningeomba msome tena. Mimi sikuwahi kukosa kivuli Kampala. Kampala ina miti mingi kuliko Nakivale. Nilikosa kivuli ambacho mzee wa miaka sabini na moja anaweza kukifikia kwa hatua nne, halafu arudi juani kwa hatua nne.

Na kivuli chenyewe kina bei. Barry Sinervo na wenzake waliandika mwaka 2010 kwamba huko Mexico, kati ya mahali 200 walikojua mijusi wa jamii hiyo waliishi, asilimia 12 walikuwa wametoweka tangu mwaka 1975. Hawakufa kwa kuungua. Saa za joto kali ziliongezeka, wakabaki wamejificha, na mjusi aliyejificha hali. Majike wenye mimba hawakupata saa za kutosha za kula. Wale wa juu mlimani wana shida nyingine, wakisukumwa na joto wanapanda, na mlima una mwisho. Mke wangu nilipomsomea hiyo ya saa alisema tu, "Ni kama sisi." Yeye anatembea Kabalagala na vitenge begani. Saa sita akikaa kivulini hauzi. Akitembea, anauza kitenge kimoja na kichwa kinauma mpaka usiku.

Tulijaribu. Nilimwomba jirani wa mwembe afungue geti mchana; alikubali wiki moja. Nilitundika turubai moja kwenye uchochoro, boda ikaiangusha. Nilipaka mabati chokaa nyeupe, na hiyo ilisaidia kweli, jaribuni. Lakini chumba ni kimoja na mlango ni mmoja, upande wa magharibi.

Wiki iliyopita Mama aliniita. "Baba," akasema, na akiniita hivyo najua ameshaamua. "Unirudishe Nakivale."

Nikamwambia Nakivale sio Jomba. Kule ni kukavu, jua ni kali kuliko hapa. Chakula kimepunguzwa. Kadi yake sijui kama bado inafanya kazi, na hilo ni kosa langu mimi niliyemtoa.

"Najua jua ya Nakivale," akasema. "Asubui nakaa mbele ya nyumba. Saa tano naingia chini ya mupapai. Saa nane nazunguka nyuma. Jioni narudia mbele. Pale nilikuwa natembea. Hapa unaniweka."

Mke wangu na mimi tuligombana usiku ule, kwa sauti ya chini, juu chumba ni kimoja. Yeye anasema mama mzee peke yake kambini watu watasema nini. Mimi ndiye niliyekuwa nasema hivyo miaka ile. Binti yangu, ambaye Koko wake alimbeba kuvuka mpaka, anataka kwenda naye, na hapo bado hatujakubaliana. Shule iko hapa.

Jumatatu napanda basi ya Mbarara na Mama, halafu Isingiro. Nitakwenda kwanza kuuliza habari ya kadi. Kama nyumba ya udongo imeanguka, nitaikandika kabla ya mvua. Amenituma maharagwe ya mbegu kilo mbili, yale mekundu, na akanikataza kununua ya sokoni Owino, anasema yameshatobolewa na wadudu. Nikiwa nahesabu pesa ya safari nilimwona tena yule kinyonga, au mwingine, kwenye waya wa kuanikia nguo. Ilikuwa saa tatu. Alikuwa ameshakuwa kijani.