Wimbi na Maji

Mwaka 1998 nilikuwa mwalimu kijana wa jiografia katika shule moja ya pwani. Joto la dunia mwaka ule lilizidi la miaka yote iliyopata kupimwa kabla yake. Bahari yetu ilipata moto hata matumbawe, yaliyo makao ya samaki, yakapauka kama mifupa, na mengi yakafa. Baba yangu, aliyekuwa mvuvi, alikwenda kuyatazama akarudi kimya.

Miaka miwili iliyofuata dunia ilipoa kidogo. Nikasimama mbele ya wanafunzi wangu nikatamka, kwa fahari ya ujana, kwamba joto limekwisha na hofu ilikuwa ya bure. Nilipomsimulia baba, aliniuliza, "Mwanangu, ulitazama wimbi au ulitazama maji?" Sikumwelewa. Mtu atazamaye wimbi moja likirudi nyuma aweza kudhani kuwa maji yanakupwa, na kumbe yanajaa, na miguu yake inazama.

Wimbi la 1998 lilikuwa El Niño. Katika bahari ya Pasifiki, pepo zivumazo kutoka mashariki kwenda magharibi hulegea. Maji ya moto yaliyorundikana magharibi hurudi mashariki, na bahari hutoa joto lake hewani. Pepo hizo zikizidi nguvu huja La Niña, na maji baridi hupanda kutoka kilindini. Volkano nayo huweza kuupoza mwaka. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, utando ulioacha angani ulizuia sehemu ya mwanga wa jua, na mwaka uliofuata ukapoa.

Hayo huja yakapita. Maji yanayojaa ni mengine. Tangu mwaka 1958 hewa ukaa hupimwa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Wakati ule ilikuwa sehemu 315 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka 2024 ilizidi 420, kwa sababu ya makaa, mafuta na misitu tuichomayo. Hewa hiyo huzuia joto lisitoke duniani. Ndiyo maana mwaka 2022, uliokuwa wa La Niña, ulikuwa na joto kuliko 1998 wa El Niño! Na mwaka 2024 ulivuka nyuzi 1.5 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900.

Darasa lile lilitawanyika zamani. Mmoja wao sasa ni mvuvi, na nilipokutana naye ufukoni nilimwomba radhi kwa somo lile.

"Mwalimu," akasema, "basi nifundishe upya."

Tukaketi kivulini mwa ngalawa yake, nikachora Pasifiki mchangani.