Pasta, Usimwinue Hivyo

Leo siweki picha za ibada. Nina jambo la kukuambia kuhusu mimi mwenyewe, na kama wewe ni mshirika wetu hapa Isiolo, ni afadhali ulisikie kutoka kwangu.

Mwezi uliopita kijana anayetupigia kinanda alikuja ofisini akaniuliza kama ninaweza kumsomea maombi. Nikadhani ana mzigo wa kiroho. Nikasukuma vitabu kando, nikainamisha kichwa. Akasema, "Hapana Pasta, maombi ya kazi," akanipa simu yake. Nikafurahi hata zaidi, maana tangu amalize kidato cha nne nimemtaja huyu kijana mbele za Mungu kila Ijumaa. Nikavaa miwani. Juu ya fomu iliandikwa: Maombi ya Nafasi ya Mkuu wa Huduma za Matibabu. Kijana mwenye cheti cha KCSE tu! Nikamwuliza ni hospitali gani hii inayotafuta mkuu kwa njia ya simu. Akacheka kwa aibu.

"Ni ya kwenye gemu, Pasta."

Kama una kijana nyumbani, huenda unaelewa. Kama huna, acha nikueleze nilivyoelezwa. Kuna mchezo wa kompyuta unaoitwa Grand Theft Auto V, uliotoka mwaka wa 2013. Jina lake ni wizi wa magari, na mimi nimewahi kuukemea madhabahuni nikipiga mimbari ngumi, bila kuuona hata siku moja. Sasa, kuna programu inaitwa FiveM ambayo inawawezesha watu kufungua miji yao wenyewe ndani ya mchezo huo, kila mji kwenye seva yake na sheria zake. Humo watu huigiza maisha. Mmoja ni polisi, mwingine fundi, mwingine dereva wa teksi, na majambazi wapo pia, nisikudanganye. Kijana wetu huingia kwenye mji mmoja wa Wakenya, akitumia kompyuta ya binamu yake mwenye saiba, usiku wateja wakishaondoka. Na katika mji huo wa wezi hajawahi kuiba hata gari moja. Yeye huendesha ambulensi.

Mtu akigongwa au akipigwa risasi humo, haamki tu akaendelea. Analala pale barabarani anasubiri. Mchezaji mwingine, mtu halisi aliye Kisumu au Doha au popote pale, anapokea simu na kuja. Na kwenye mji wao haruhusiwi kubonyeza kitufe na kuondoka. Lazima aigize kazi yote, kwa sauti na kwa maandishi: aangalie kama mahali ni salama, amwulize mgonjwa jina, asikilize pumzi, ashike shingo, ndipo ampeleke. Wageni hufundishwa na kutahiniwa, na vyeo hupandwa polepole. Kijana wetu, kwa kuogopa aibu, alikuwa amesoma miongozo ya kweli ya huduma ya kwanza. Alikuwa amehudumu miezi kumi na minne.

Sheria yao moja ilinichekesha. Mgonjwa akifa halafu akarudi, haruhusiwi kumkumbuka aliyemuua wala kumtafuta kulipiza kisasi. Wanaiita sheria ya maisha mapya. Nikawaza vikao vya wazee ambavyo nimekalia mpaka saa sita usiku.

Basi nikasoma ile fomu. Umehudumu kwa saa ngapi? Wagonjwa wawili wakiita kwa wakati mmoja, utamwendea nani kwanza, na kwa nini? Aliye chini yako akikosea mbele ya mgonjwa, utamsahihishaje? Nikajisemea kwamba hatujawahi kumwuliza shemasi yeyote maswali ya namna hii. Sisi tunauliza aliokoka lini, na kama anatoa zaka.

Nilipofika swali la tisa akasema, "Hapo Pasta nimeandika jambo linalokuhusu. Nimeona si vizuri kulituma kabla hujalisoma."

Swali lilisema: eleza siku ulipojua la kufanya na hukulifanya.

Ilikuwa Machi, jioni. Tulikuwa tukitoka ibada ya nyumbani Ngare Mara, mimi nikiendesha Probox, yeye kando yangu, spika mbili nyuma. Unaijua barabara ile. Tangu lami ifike Moyale magari yanapita kama yanafukuzwa, na punda na ngamia bado wanavuka kwa mwendo wa mababu zao. Mbele yetu pikipiki ilikuwa imegonga punda. Punda alikuwa amekufa. Mwenye bodaboda alikuwa amelala pembeni, anaongea, anamwita mama yake, na watu kama kumi wamemzunguka, nusu yao wakipiga picha.

Mpendwa, niliposhuka kwenye gari niliiona Luka sura ya 10 mbele ya macho yangu. Kuhani amepita, Mlawi amepita, na mimi nimefika. Kinywa hakikusema hivyo, lakini moyo ulisema. Nikaagiza spika zitolewe zikae kando ya barabara, na mama mmoja muuza makaa akasema atazilinda. Nikamwambia mmoja shika miguu, mwingine shika mkono ule, mimi nitashika huu. Ndipo kijana akasema, "Pasta, usimwinue hivyo. Tushike kichwa na shingo kwanza. Tupige 1199."

Hiyo ni namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu. Mimi sikuijua. Yeye aliijua.

Nikamjibu mbele ya watu wote, "Hii si gemu."

Akanyamaza. Tukamwinua yule mtu kama gunia la mahindi, tukamkunja kwenye kiti cha nyuma ili mlango ufungike. Akapiga yowe moja. Kisha akasema hazisikii nyayo zake. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kuhusu miguu kabla ya hapo, kwa hiyo mpaka leo hakuna ajuaye ilikufa saa ngapi.

Hospitalini daktari aliyempokea aliuliza, "Nani alimbeba, na alibebwaje?" Nikasema ni mimi, kwa sauti ya mtu anayengoja ashukuriwe. Akaniangalia, akaandika, akaenda. Baadaye alirudi akanieleza kwa upole. Mfupa wa mgongo unaweza kuvunjika na uti ulio ndani yake ukabaki mzima, na kumkunja mtu au kumvuta ndiko kunakoweza kuuharibu. Inawezekana uliumia palepale alipoanguka. Inawezekana ni sisi. Alisema hawezi kuniambia ni lipi.

Jumapili iliyofuata nilihubiri Msamaria Mwema. Nilijitaja kwenye mahubiri hayo. Mlipiga makofi. Na kijana yule alikuwa kwenye kinanda, akinipigia chinichini nikihubiri, kama kawaida yake.

Sasa alichoandika kwenye swali la tisa kilikuwa mistari sita. Aliandika kwamba alijua la kufanya, akalisema mara moja, kisha akanyamaza kwa sababu aliyekuwa akikosea ni mkubwa wake. Hakuniita mjinga wala hakuandika jina langu. Aliandika "kiongozi wangu". Aliandika pia kwamba anaomba ukuu kwa sababu mtu asiye na cheo akisema jambo la kweli huambiwa anacheza.

Nilimrudishia simu. Sikuwa na neno, na wewe unajua mimi ni mtu wa maneno.

Usiku ule nilimsoma Naamani, 2 Wafalme 5. Tunapoihubiri habari hiyo tunamhubiri Elisha, tunahubiri kujichovya mara saba. Usiku ule niliisoma nikitafuta kitu kimoja tu: nani alijua dawa iko wapi? Jemadari hakujua. Mfalme wa Israeli alipoletewa barua alirarua mavazi yake, akidhani anachokozwa kwa vita. Aliyejua ni msichana mateka, mfanyakazi wa ndani, ambaye Biblia haikumwandika hata jina. Na Naamani alipokasirika akageuza kurudi kwake, waliomrudisha mtoni ni watumishi wake, waliomwita baba na kumsemesha kwa adabu. Mara mbili mtu yule aliokolewa na watu ambao angeweza kuwaambia "nyamazeni", na hakuwaambia. Alikuwa mpagani, mkali, mwenye ukoma, na bado alisikiliza kuliko mimi mwenye stashahada ya chuo cha Biblia.

Mzee mmoja wetu, nilipomsimulia, aliniuliza kama si vibaya kijana kutamani ukubwa, tena ukubwa wa mchezo. Nikamkumbusha wana wa Zebedayo katika Marko 10. Bwana hakuwafukuza kwa kuomba viti. Aliwauliza kama wanakiweza kikombe. Huyu wetu alikuwa amekunywa chake miezi kadhaa, akiwa nyuma ya kinanda, akisikiliza mimi nikijisifu. Na tukisema kweli, mimi mwenyewe niliomba huu uchungaji kwa barua, nikaambatanisha nakala za vyeti.

Siku mbili baadaye tulikwenda, mimi na yeye, kwa yule mwenye bodaboda. Yuko kwa dada yake Bulla Pesa, kwenye kiti cha magurudumu, anachaji simu za watu kwa sola. Nilikuwa nikimtembelea kila mwezi na unga na maombi, na kila mwezi alinishukuru, na kila mwezi nilipokea shukrani hizo. Safari hii nilimweleza yote, pamoja na lile neno "hii si gemu". Alisikiliza huku akiendelea kuchomeka waya. Kisha akasema, "Pasta, mngeniacha pale ningelala na fisi." Akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Tulipokuwa tunaaga alimgeukia kijana, si mimi. "Ungekishika hicho kichwa, ningetembea?"

Kijana akasema, "Sijui. Labda ingekuwa hivi hivi."

Akatikisa kichwa pole pole, akaendelea na waya zake. Ndiye aliyeniruhusu kuandika haya. Aliomba tu nisimtaje jina, na niseme wazi kwamba yule punda hakuwa na mwenyewe, maana kuna watu bado wanamdai fidia.

Cheo kile kijana hakukipata. Kilichukuliwa na mtu aliye Doha, mwenye saa nyingi zaidi, ambaye umeme kwake haupotei. Wetu wakampa kazi ya kufundisha wageni. Yeye alilipokea vizuri. Mimi ndiye niliyeumia, nikajikuta nauliza kama kuna pa kukata rufaa.

Lakini kulikuwa na fomu nyingine, na hii ndiyo inayonichoma zaidi ya zote. Tangu Januari alikuwa ameniachia barua ya kuomba kanisa limsaidie karo ya kozi ya huduma za dharura, ile ya KMTC. Nilikuwa nimeandika juu yake kwa kalamu, "tutaangalia", nikaitia kwenye droo. Mwezi huo huo tulichanga, tukanunua zile spika. Wiki iliyopita niliitoa droo nikaiweka mbele ya wazee pamoja na habari hii yote. Tumekubaliana kulipa nusu. Nusu nyingine inatafutwa, na kama Mungu anakugusa, mweka hazina unamjua.

Na Jumamosi iliyopita tulikuwa na darasa la kwanza la huduma ya kwanza, ndani ya kanisa, viti vimesogezwa ukutani. Mkufunzi akataka mtu mzito wa kuigiza mgonjwa. Mnajua waliyemchagua. Nikalala sakafuni nikitazama mabati, na ni mara yangu ya kwanza kuona kwamba tumeacha buibui wajenge juu ya madhabahu.

Alitufundisha hivi. Aliyeanguka vibaya, kama anapumua na hakuna moto wala magari ya kumkanyaga, mwache alipo. Mshikilie kichwa kisigeuke, ongea naye, piga simu. Anayevuja damu, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi na usilegeze ili uchungulie. Ikibidi asogezwe, anageuzwa kama gogo, mwili wote kwa pamoja, na anayeshika kichwa ndiye anayehesabu. Wengine hawaanzi mpaka aseme, hata kama yeye ni mdogo kuliko wote.

Nikaona uso wa kijana wetu umepinduka juu yangu, mikono yake pande mbili za masikio yangu. Wazee watatu wa kanisa walikuwa wamepiga magoti ubavuni mwangu, wanamngoja. Nikataka kusema kitu.

"Pasta, usiongee, kichwa kinatingika," akasema. Kisha akahesabu moja, mbili, tatu.

Darasa la pili ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, palepale kanisani. Njoo na leso moja na kitambaa cha kufungia. Watu wa bodaboda wanaingia bure, wawe wetu au wa msikitini. Ukiweza kuja na ngazi pia, kuna wale buibui.