Redio ya Babu na Sauti ya Brian May

Najua nimepotea wiki tatu nzima, hata kuna walioniandikia wakidhani nimefukuzwa kazi. Kazi bado ipo, ahsanteni, ingawa mhariri wangu ana mawazo mengine akiniona nasinzia kwenye kikao cha asubuhi.

Leo siandiki habari za Bunge wala foleni ya Ubungo. Leo naungama. Nimemdanganya bibi yangu mzaa mama, tena nimemdanganya kwa sababu ya sauti ya gitaa.

Walionifahamu tangu Mlimani wanaujua ugonjwa wangu. Mwaka wa kwanza bwenini mwenzangu wa chumba alikuwa na kompyuta yenye spika mbili za Kichina, na usiku mmoja akaweka Bohemian Rhapsody ya Queen, ile ya mwaka 1975. Wengi wanausikiliza wimbo ule kwa ajili ya Freddie Mercury, na sisi Watanzania tuna sababu ya ziada, maana Freddie alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 na familia yake ikaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Mimi nilinaswa na gitaa la solo. Brian May. Gitaa lile halipigi kelele, linaimba kama mtu aliyeziba pua kidogo halafu akaizibua katikati ya neno.

(Najua mtaniuliza, wewe mtoto wa Morogoro, kwa nini usimtafute Mbaraka Mwinshehe? Swali zuri. Wajomba zangu wameniuliza kila harusi. Jibu ni kwamba ukipiga Mbaraka Morogoro kila mzee aliyekaa pale ni jaji. Ukipiga Brian May, jaji ni mimi peke yangu.)

Basi nilipoanza kazi nikakusanya posho za safari nikanunua gitaa la mtumba na amplifaya ndogo ya wati 10. Nikaanza kuzungusha nobu. Besi nne, kati saba, juu sita, naandika kwenye daftari lile lile la mahojiano. Ukurasa mmoja una namba za amplifaya, unaofuata ni mkuu wa wilaya anazungumzia madawati. Nikibadilisha nyuzi, naandika. Nikisogeza amplifaya ukutani, naandika. Miezi minane! Sauti niliyokuwa naipata ilikuwa ya pikipiki inayopanda mlima na mzigo.

Nikaanza kusoma, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa natafuta mahali pasipo. Brian anatumia Vox AC30, amplifaya ya Kiingereza ya wati 30 inayotumia valvu za kioo badala ya transista. Sauti anaifungua mpaka mwisho, akaiacha pale pale. Akitaka upole anapunguza kwenye gitaa lenyewe, kwa kidole kimoja, wimbo ukiwa unaendelea. Valvu zikielemewa huwa zinakata mawimbi ya sauti taratibu, kwa hiyo sauti inanenepa. Amplifaya kama yangu ikielemewa inakata kwa panga. Kwa hiyo mkwaruzo niliokuwa nauongeza kwa nobu si ule wake hata kidogo.

Tena kabla ya kufika kwenye amplifaya anapitisha sauti kwenye kiboksi kidogo kinachosukuma sauti za juu na kupunguza besi, ili amplifaya ikielemewa isigeuke tope. Siri hiyo alipewa na Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland. Brian, akiwa kijana tu, alimfuata baada ya onyesho kwenye klabu ya Marquee jijini London akamuuliza anaipataje ile sauti, na Rory akamweleza bila kuficha. Napenda sana kisa hiki. Kwenye fani yetu ukimuuliza mkubwa alikopata habari yake anakuangalia kama mwizi.

Tuseme ningepata AC30. Ndugu zangu, wati 30 za valvu zikifunguliwa mpaka mwisho Sinza, mwenye nyumba hasubiri mwisho wa mwezi.

Na bado kuna gitaa lenyewe. Alilitengeneza na baba yake, Harold, fundi wa elektroniki, kuanzia mwaka 1963. Shingo yake imetoka kwenye mbao za mekoni ya zamani, zile zinazozunguka moto kwenye nyumba za Ulaya, na springi zake zimetoka kwenye pikipiki kuukuu. Nyuzi hapigi kwa kile kiplastiki tunachotumia wengine, anapiga kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza, ambayo ukingo wake una meno. Ukisikiliza vizuri mwanzo wa noti utayasikia meno hayo. Nilijaribu shilingi mia yetu. Ni kubwa na nzito mno, ikanikatia uzi mwembamba siku ya kwanza.

Nilikuwa karibu kukata tamaa kwa amani kabisa, na laiti ningekata. Kumbe nikasoma habari ya Deacy.

Deacy ni amplifaya nyingine ya Brian, ndogo kama spika ya kuweka kwenye rafu ya vitabu, na ndivyo ilivyo, maana imefungwa ndani ya kasha la spika hiyo. John Deacon, mpiga besi wa Queen, aliyekuwa amesomea elektroniki, aliokota bodi yake kwenye takataka mtaani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Haina nobu hata moja. Inatumia betri ya volti 9 na transista za zamani za jerimaniamu. Deacon aliitengeneza ya kufanyia mazoezi nyumbani, Brian akaijaribu na kile kiboksi chake, na kilichotoka wakakiingiza studio. Sikilizeni Good Company, ya mwaka 1975. Ile bendi ya jazi yenye tarumbeta mnazozisikia ni gitaa tupu, kupitia kadude hako. Miaka mingi baadaye mafundi walipoichunguza bodi ile wakakuta imetoka kwenye redio. Redio ya Supersonic, iliyotengenezwa huku kusini mwa Afrika.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Redio ya betri. Transista za jerimaniamu. Miaka ya 60. Kutoka kwetu Afrika.

Sebuleni kwa Bibi, Morogoro, juu ya kabati la vyombo, kuna redio aliyoinunua Babu mwaka 1968 alipokuwa karani wa reli. Kasha la mbao, kitambaa cha dhahabu mbele ya spika, betri kubwa sita. Uani kwa Babu watu walijaa kuisikiliza mwaka 1978, Mwalimu alipotangaza vita na Idi Amin. Babu alifariki mwaka 2016. Bibi ana redio nyingine ndogo ya kusikilizia mahubiri na taarifa ya habari. Ile ya Babu anaiwasha jioni tu, inaunguruma mikwaruzo ya masafa mafupi, mara sauti ya Kiarabu inapita kwa mbali, yeye anachambua mchele. Sikuwahi kujiuliza kwa nini habadilishi stesheni.

Nikapanda basi Ijumaa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekonda, huko Dar hamli?"

Nikamwambia nataka kuipeleka redio kwa fundi ikasafishwe, betri zisije zikavuja zikaiharibu.

"Kwani inasumbua nini? Mbona inaunguruma vizuri?"

"Vumbi tu, Bibi."

Nimehoji watu wengi wanaodanganya, nawajua kwa jibu fupi. Bibi akaniangalia kidogo, akaifunga redio kwa kanga yake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema nisiiguseguse, nimwachie fundi.

Sikumwachia fundi. Usiku ule ule nilipofika Sinza nikafungua skrubu nne za nyuma, mikono inatetemeka kwa furaha. Zilikuwepo kweli! Transista ndogo zenye vichwa vya bati, zimesimama kwenye bodi ya kahawia. Nikataka kuitoa bodi nje niione vizuri, nikaivuta, ikagoma, nikaivuta tena. Nikasikia "tip." Uzi mwembamba unaozunguka magurudumu na kuvuta mshale wa stesheni ulikuwa umekatika, na ule mshale mwekundu ukateleza wenyewe mpaka mwisho wa kioo, taratibu kabisa, nikiuangalia.

Sikulala.

Asubuhi nikaenda Kariakoo kwa fundi mmoja mzee ambaye bado anapokea redio za namna hii. Aliponiona nataka kung'oa bodi akanikatalia. Akaniambia, kijana, nusu ya bodi hii ni ya kukamata stesheni na nusu ni ya kukuza sauti, na katikati yake ipo nobu ya sauti. Wewe unataka nusu ya pili. Kwa nini uvunje nyumba wakati unataka kupita mlangoni? Akatoboa tundu dogo ubavuni, akafunga soketi ya pini ya gitaa, akailehemu kwenye nobu ile kwa namna ambayo ukichomeka gitaa stesheni inakatika, ukichomoa inarudi. Uzi wa stesheni akaufunga upya kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Elfu ishirini na tano. Kisha akaniuliza mshale ulikuwa umesimama wapi.

Sikujua. Nilikuwa na picha za misiba na harusi zote za ukoo kwenye simu, na kwenye moja redio inaonekana nyuma ya shangazi, ila nikiikuza inakuwa ukungu. Nikamwambia weka katikati.

Kuhusu sauti, nisiwanyime. Rafiki yangu mmoja aliyesomea umeme alinitengenezea kile kiboksi, ambacho kimsingi ni transista moja tu na kapasita ndogo mlangoni inayozuia besi. Nikachomeka, nikafungua redio ya Babu mpaka mwisho. Si Brian May, msije mkasema nimewadanganya na nyinyi. Gitaa langu si lake, na vidole si vyake. Lakini niliposhika noti moja ya juu na kuiacha, ikafika mahali ikaanza kuimba kwa puani, nene na laini, kama filimbi iliyojaa maji. Sekunde nne labda. Kwenye miezi minane ya nobu sikuwahi kupata hata moja. Nilicheka peke yangu chumbani kama mwehu, halafu macho yakaangukia ule mshale katikati ya kioo, kicheko kikaisha.

Jumamosi iliyofuata nikairudisha Morogoro. Gitaa nililibeba pia, sijui kwa nini. Bibi akaifungua ile kanga, akaiweka redio juu ya kabati, akaifuta. Akavaa miwani. Akainama mbele ya kioo muda mrefu.

"Babu yako aliuacha hapa," akasema, akazungusha nobu polepole kwenda kushoto, upana wa kidole kimoja na kidogo zaidi, akarudisha kidogo sana, akaacha. "Tangu siku aliyopelekwa hospitali."

Nilikuwa nimeshapanga maelezo kwenye basi, kuanzia Chalinze. Yote yalitoka kichwani. Nikamweleza ukweli wote, kuanzia Uingereza mpaka uzi wa samaki, na tundu la ubavuni nikamwonyesha. Alisikiliza bila kunikatiza. Mimi ninayelipwa kuuliza maswali sijawahi kusikilizwa vile.

"Sasa nipigie hiyo sauti yenyewe," akasema.

Nikachomeka. Nikapiga ile noti, na nyingine mbili tatu. Mkono haukuwa wangu, ile ya kuimba ikatoka mara moja tu, fupi.

"Kama nyuki kwenye mtungi," Bibi akasema. Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Siku nyingine uongo wako uuache huko huko gazetini kwenu. Babu yako ungemwomba angekupa."

"Nisamehe, Bibi."

"Chomoa waya wako."

Nikachomoa. Mikwaruzo ikarudi, na kwa mbali nyuma yake mtu akiongea lugha nisiyoijua. Bibi akasogeza kigoda chake, akavuta ungo wa mchele.