Mbwa Wako Tayari

Ugonjwa wa parvo hauondoki pamoja na mbwa uliyemuua. Virusi vyake hukaa katika udongo wa ua kwa miezi mingi, pengine hata zaidi ya mwaka, na sabuni ya kawaida haviidhuru. Ndiyo maana mbwa wetu wa kwanza alipokufa akiwa na umri wa wiki 11, daktari wa mifugo hapa Mbarara alitushauri tusilete mwingine mpaka mwaka upite. Hapakuwa na wa kulaumiwa. Mbwa yule alikuwa katikati ya chanjo zake. Kinga ambayo mtoto huipata katika maziwa ya mama huweza kuizuia chanjo isifanye kazi, na kwa kuwa hakuna ajuaye siku hasa kinga hiyo inapokwisha, chanjo hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi mtoto afikishe wiki 16 hivi. Kati ya kinga inayofifia na chanjo ambayo haijashika pana upenyo mdogo. Wetu alipotelea hapo.

Basi tukangoja. Banda la mbao tulilichoma moto pamoja na magunia aliyoyalalia, watoto wakitazama kutoka mlangoni bila kusema neno. Sakafu ya saruji tuliisugua kwa jiki, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, tukaiacha ilowe kabla ya kuisuuza. Udongo hausuguliki. Kwa huo tulitegemea jua, tukaupunguza ua wa michongoma uliokuwa ukitia kivuli tangu asubuhi. Haji, jirani yetu, alikuja kutazama kazi hiyo akauliza kwa upole kama banda jipya lingejengwa palepale, upande wa njia anayopita akiwa ametawadha kwenda msikitini. Tukamwambia, "Hapana, Haji, tutalihamishia nyuma ya jiko." Akatuletea mabati mawili yaliyosalia katika ujenzi wake.

Kungoja kulipofika mwezi wa nne, kitindamimba wetu alianza kuandika mistari ya chaki ukutani, mmoja kwa kila siku, na chini yake akaandika: "Mbwa yetu anakuja." Mwanachuo anayesoma kitabu hiki anajua kosa liko wapi, na bila shaka anajua limetoka wapi. Kwa Kinyankole tunasema embwa yaitu, kwa Kiganda embwa yaffe, na ng'ambo ya mpaka Wanyarwanda husema imbwa yacu. Katika lugha hizo kimilikishi huifuata ngeli ya nomino yenyewe, wala hakijali kama kinachotajwa kinapumua. Kiswahili sanifu kimewahamishia viumbe wenye uhai katika ngeli ya A-WA, na kwa hiyo tunafundisha mbwa wetu, kuku wetu, simba wetu. Lakini uhamisho huo haukukamilika. Tunasema rafiki yetu amekuja, ndugu yetu amekuja, mama yetu amekuja: kitenzi kimehama, kimilikishi kimebaki kilipokuwa. Hata adui yetu. Na wapo wafugaji wengi, tena wasemaji wazuri, ambao hutamka ng'ombe zangu bila haya yoyote. Inaonekana kwamba walio karibu nasi mno, kwa heri au kwa shari, ndio waliokataa kuhama.

Katika daftari la shule sentensi ile tungeisahihisha. Ukutani tuliiacha.

Suala la kumwitaje mgeni huyo nalo lilituchukua jioni kadhaa. Kamusi zinatupa neno kilebu kwa mtoto wa mbwa, neno zuri ambalo halisikiki sana huku kwetu. Kwa kuwa linataja kiumbe mwenye uhai, tutasema kilebu amelala, kama tusemavyo kifaranga amelala, japo kiambishi chake ni cha KI-VI. Kijibwa ni jambo jingine. Huo ni udogishaji, na udogishaji huburuta upatanisho wake pamoja nao: kijibwa kimelala, vijibwa vimelala. Watoto walilikataa neno hilo moja kwa moja. Walisema linasikika kama mtu anayemfukuza mbwa wa jirani.

Mfugaji tuliyempata yuko Wakiso, mwendo wa kilomita zipatazo 270 kutoka kwetu. Ni mwanajeshi mstaafu ambaye Kiswahili alikipata kambini, kama wengi wa rika lake katika nchi hii, na hufuga mbwa wachungaji wa Kijerumani. Yeye ndiye aliyetuhoji sisi. Nani hushinda nyumbani mchana? Ua una urefu gani? Yule wa kwanza alikufa kwa ugonjwa gani, na lini? Tulipomjibu hilo la mwisho, alitaka barua ya daktari kabla hajapokea shilingi yetu hata moja. Tulimheshimu kwa hilo. Wako wauzaji wa kando ya barabara ambao hawaulizi chochote, na bei yao ni robo ya bei yake.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Tulizihesabu. Walizaliwa watano, mmoja akafa katika juma la kwanza, na mmoja mfugaji alisema atabaki naye. Katika orodha sisi tulikuwa wa nne, kwa hiyo hesabu ilituacha nje. Hatukuwaambia watoto. Macho ya vilebu yalipofunguka, majuma mawili baadaye, mfugaji alitutumia picha, nasi tukaionyesha mezani bila kusema kwamba huenda hakuna wetu kati yao. Hakukubali kumtoa yeyote kabla ya wiki 8, maana kwa mama na kwa ndugu zake ndiko mbwa anakojifunza kutouma kwa nguvu. Tukaendelea kununua posho na mukene, tukatundika ukosi mwekundu msumarini.

Kisha ukaja ujumbe wa maneno matatu: "Mbwa wako tayari."

Binti yetu mkubwa alisoma wako kuwa kimilikishi: mbwa wako, tayari. Sisi tulilisoma kuwa kitenzi: mbwa, wako tayari, yaani wote watatu, kwa wenyewe wanaostahili. Katika mazungumzo, kituo kidogo kabla au baada ya neno hilo kingetosha. Katika maandishi hapakuwa na mkato wala yuko wa kutuokoa. Kwa miaka mingi tumeliweka neno hili katika mitihani ya utata wa maana, na hatujapata kumwona mtahiniwa aliyelitazama kwa macho yale ya watoto wetu.

Tulipiga simu.

"Afande, umesema mbwa wote wako tayari, au wetu?"

"Mwalimu," akasema, "wa kwanza kwenye orodha amehamishiwa kazi nje ya nchi. Leteni kitambaa cha nyumbani kwenu, nitamlaza nacho pamoja na mama yake usiku mmoja kabla hamjaondoka. Na boksi lenye matundu."

Tutatoka Ijumaa baada ya vipindi, tulale Kampala kwa shangazi, turudi naye Jumapili. Chanjo yake ya pili ni baada ya wiki tatu, na mpaka hapo hatakanyaga udongo.